Swichi ya Kuwashia: Neno Moja kwa Kazi Tatu

Miongoni mwa istilahi za ufundi zilizokwisha kuzoeleka katika Kiswahili pasipo kuulizwa maswali mengi, imo hii ya "swichi ya kuwashia". Ilizaliwa katika gari, ikakua katika gari, na huko haijamdhuru mtu. Dereva hutia ufunguo, huuzungusha, gari likawaka. Akitaka kuzima huurudisha, gari likanyamaza. Kisha hutia ufunguo mfukoni akaenda zake. Kwa kuwa mambo yote hayo hutendeka katika tundu moja na kwa mgeuzo mmoja wa mkono, si ajabu kwamba yalipewa jina moja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina hilo halifai kuhamishwa kutoka katika gari na kupelekwa katika ndege, hususa ndege ndogo inayojengwa na mwenyewe nyumbani kwake, na kwamba kasoro yake si ya ladha ya lugha. Ni kasoro inayoweza kumkata mtu mkono.

Huenda msomaji akajiuliza ni ndege gani hizo zijengwazo nyumbani. Nchini Marekani jambo hili ni la kawaida na lina sheria yake. Mtu huruhusiwa kujenga ndege kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha, mradi sehemu kubwa ya kazi ya kuunda na kuunganisha iwe imefanywa na watu waliojitolea kwa shabaha hiyo tu, wala si kiwanda. Nayo ndege husajiliwa katika daraja la majaribio. Chama chao kikubwa, Experimental Aircraft Association, kiliasisiwa mwaka 1953 na Paul Poberezny pamoja na wenzake katika jimbo la Wisconsin, na tangu mwaka 1970 makao ya mkutano wao mkuu yamekuwa mji wa Oshkosh katika jimbo hilohilo. Wako wajengao kwa michoro mitupu, na wako wanunuao vifurushi vya vipande vilivyokwisha kukatwa. Tofauti ya mjenzi huyo na mtu aliyenunua ndege ya kiwandani ni kwamba huyu wa pili hukuta ubao wa vyombo umekwisha kupangwa na wengine, ilhali mjenzi huanza na bati tupu. Kila tundu atoboalo ni uamuzi wake. Akifika mahali pa kuwashia injini hana budi kuchagua, na ni vigumu mno kuchagua vyema kati ya vitu ambavyo lugha yako haijavitenga kwa majina.

Mipango inayoshindaniwa ni miwili. Wa kwanza ni ule wa ufunguo, unaofanana na wa gari: tundu moja lenye vituo vitano, cha mwisho kikiwa cha kuzungusha injini, na springi ya kuurudisha ufunguo mara mkono uuachapo. Wa pili ni wa kutenganisha: swichi mbili za kijiti, zile za kuinuliwa na kushushwa kwa kidole, na kando yake kitufe cha kubonyeza. Wanaopenda ufunguo husema kwamba umezoeleka, tena mtoto au mpita njia hawezi kuiamsha ndege. Wanaopenda swichi za kijiti husema kwamba ufunguo hukusanya mambo yasiyohusiana katika chombo kimoja chembamba, kikichakaa vyote vimechakaa. Ubishi huu huonekana kuwa wa mafundi peke yao. Lakini ukiutazama kwa jicho la mwanaistilahi utaona kuwa ni ubishi uleule tulio nao mezani petu: je, kazi tatu zipewe chombo kimoja na jina moja, au kila kazi ijitegemee?

Tuanze na kile ambacho lugha yenyewe imekwisha kukifanya bila ya kutusubiri sisi wenye kalamu. Nenda katika gereji yoyote, iwe ya Gerezani au ya mji mdogo wa bara, usikilize. Fundi hasemi tu kwamba amewasha. Husema, "Nimepiga stata lakini haikuwaka." Katika sentensi hiyo fupi mna vitendo viwili na kila kimoja kina kitenzi chake. Kupiga stata ni kuizungusha injini kwa nguvu ya betri; kuwaka ni injini kushika moto wake yenyewe na kuanza kujiendesha. Stata ikizunguka na injini isiwake, fundi hutafuta cheche au mafuta. Stata isipozunguka kabisa, hutazama betri na nyaya. Utambuzi wote wa ugonjwa wa injini umejengwa juu ya tofauti hiyo, na Kiswahili cha gereji kimeihifadhi vizuri. Ni istilahi ya vitabuni, "swichi ya kuwashia", ndiyo iliyokuja kuyafumba pamoja mambo ambayo watumiaji wa lugha walikuwa wamekwisha kuyafumbua. Hapa ndipo palipo na aibu yetu kidogo. Tumezoea kuwafundisha mafundi maneno. Safari hii wao ndio wa kutufundisha.

Sasa tuingie katika ndege. Injini nyingi za pistoni za ndege ndogo hupata cheche zake kutoka kwenye magineto mbili, ya kushoto na ya kulia. Kila silinda ina plagi mbili, moja ya magineto hii na moja ya ile, hivyo kwamba injini ya silinda nne ina plagi nane. Magineto haihitaji betri. Ndani yake mna sumaku inayozungushwa na injini, na mzunguko huo wenyewe ndio uzalishao umeme wa cheche. Maadamu rafadha inazunguka, au pangaboi kama wengi wasemavyo, cheche zipo. Swali basi ni namna ya kuizuia magineto isitoe cheche pale tusipozitaka. Jibu la wahandisi lilikuwa rahisi: waya mmoja hutoka katika magineto hadi kwenye swichi, na swichi ikiwekwa mahali pa kuzima, waya huo huunganishwa na bodi ya ndege. Umeme hupata njia ya mkato, ukapotelea katika bodi, na plagi zikakosa kitu.

Msomaji atafakari maana ya jambo hilo. Katika taa ya sebuleni, kuzima ni kukata njia ya umeme. Katika magineto, kuzima ni kuiunganisha. Waya wa taa ukikatika, taa huzimika. Waya wa magineto ukikatika, magineto huwa hai, na swichi pale ubaoni huendelea kuonyesha kwamba imezimwa. Hili halikuwa kosa la wabunifu. Walitaka waya ukikatika angani injini iendelee kunguruma, na wakaukubali upande wa pili wa shilingi: ndege iliyosimama ardhini, ufunguo u mfukoni mwa mwenyewe, betri imeondolewa, yaweza kuwaka ghafla endapo mtu ataigusa rafadha na kuisukuma kidogo, kama ndani ya silinda mmebaki mafuta. Mtu aliyezoea gari hawezi kuliwaza hilo. Jina "swichi ya kuwashia" humzidishia usingizi, kwa sababu humwambia kwamba hakuna kilichowaka mpaka kwanza kiwashwe.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la Oshkosh peke yake. Mashine ndogo za petroli zinazofungwa nyuma ya mashua zetu za uvuvi, misumeno ya kukatia miti, na pikipiki nyingi za zamani, zilifuata kanuni iyo hiyo: kitufe cha kuzimia huunganisha, hakikati. Mvuvi ambaye waya wa kitufe chake umekatika kwa kutu ya chumvi anajua kwamba mashine yake haizimiki. Huifunika pua au huifungia mafuta mpaka ife. Kwa hiyo maarifa haya yamo kwetu. Kilichokosekana ni neno la kuyabeba.

Tuutazame ule ubao wa ufunguo wenye vituo vitano. Maandishi yake ya Kiingereza, yakifasiriwa kwa mtindo tuliouzoea, yatasomeka hivi kuanzia kushoto: Zima, Kulia, Kushoto, Zote, Washa. Tafsiri hiyo ni sahihi kwa kamusi na ni mbaya kwa mtumiaji. Neno "Washa" likiwa mwishoni hulazimisha maana kwamba vituo vilivyotangulia ni vya matayarisho tu, kama mtu apandaye ngazi kabla ya kufika mlangoni. Kwa hakika kuanzia kituo cha pili magineto moja ni hai, na katika cha nne zote mbili ni hai. Kituo cha tano hakiongezi cheche. Aghalabu hupunguza, kwani hapo magineto ya kulia huzimwa kwa makusudi, nasi tutaieleza sababu yake baadaye kidogo. Hivyo kituo tunachokiandika "Washa" ndicho chenye cheche chache kuliko kilichokitangulia! Kama pangeandikwa "Stata", upotofu wote huo ungeondoka kwa neno moja ambalo kila fundi analijua.

Ipo hatari nyingine katika kitenzi chenyewe, nitaipitia upesi. Gari "likiwaka" twaelewa kwamba injini yake inanguruma, na "likiwaka moto" twaelewa jambo jingine. Lakini lugha ya mazungumzo hupunguza maneno, na mtu wa uwanja wa ndege asikiaye kwamba ndege "inawaka" ana haki ya kukimbilia mchanga na maji.

Kitenzi kinachostahili kuchunguzwa kwa kirefu zaidi ni "kufunga". Katika somo la umeme shuleni, sakiti iliyofungwa ni ile ambayo umeme hupita, na sakiti iliyo wazi ni ile usiyopita. Katika nyumba zetu nyingi, hasa za pwani, mambo ni kinyume: mtu huambiwa "fungua redio" ili isikike, na "funga taa" ili watu walale. Na katika karakana, "kufunga swichi" ni kuikaza mahali pake kwa skrubu, yaani kuiweka. Basi tuchukue agizo moja tu la mjenzi wa ndege: "Funga swichi ya kulia kabla ya kupiga stata." Mwalimu wa fizikia ataelewa kwamba aruhusu umeme upite. Mama mwenye nyumba ataelewa kwamba azime. Fundi atakwenda kutafuta bisibisi. Tena ajabu iliyopo ni kwamba kwa magineto mwalimu na mama wote wawili wamepatia, kila mmoja kwa njia yake, kwa sababu katika chombo hiki kufunga sakiti ndiko kuzima. Lakini kupatia kwa bahati hakutoshi. Katika swichi ya betri, iliyo umbali wa shubiri moja kutoka hapo, mwalimu na mama watahitilafiana kabisa. Rai yangu ni kwamba kitenzi "kufunga" na kinyume chake viondolewe katika maelekezo yote ya swichi za chombo chochote kirukacho, na vibaki kwa milango, mikanda na skrubu.

Kuna pia ile iitwayo "swichi kuu". Jina lina sauti ya mamlaka, na humfanya mtu aamini kwamba akishaizima amekwisha kuizima ndege nzima. Swichi hiyo huruhusu au huzuia umeme wa betri uingie katika ndege, hiyo tu. Taa zitakufa, redio itakufa, stata haitazunguka. Magineto hazitajua kwamba kumetokea lolote. Mamlaka yake ni kama ya jumbe wa mtaa mmoja aliyepewa cheo cha mji. Iitwe "swichi ya betri", na kila mtu atajua mipaka yake bila ya kusomeshwa.

Hapa sina budi kusimama kidogo kwenye neno "usalama", kwa kuwa ndilo limeuvuruga mjadala wa wajenzi kuliko maneno mengine yote. Mjenzi atafutaye mpango "salama" wa swichi atafuta usalama dhidi ya nini? Kiswahili chetu kwa neno hili hujumuisha mambo mawili. Upo usalama wa kulindwa dhidi ya mwizi au mtu asiyehusika, na upo usalama wa kutodhuriwa na chombo chenyewe. Ufunguo hutoa kidogo ule wa kwanza. Nasema kidogo, kwa sababu mwizi ajuaye kanuni ya magineto hahitaji ufunguo: akiukata ule waya wa bodi amekwisha kuzipata cheche, na rafadha huweza kuizungusha kwa mkono. Kufuli la mlango, mnyororo wa rafadha, au kifungio cha wenzo wa mafuta humzuia vizuri zaidi. Kuhusu usalama wa namna ya pili, ufunguo huweza hata kuupunguza. Mwaka 1976 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa agizo kuhusu aina moja ya swichi za ufunguo, kwamba zikaguliwe kwa kuwa magineto iliweza kubaki hai ufunguo ukiwa mahali pa kuzima. Mwaka 1993 agizo jingine, la aina nyingine ya swichi za ufunguo, lilitaka zikaguliwe na kuwekewa diodi, kipande kidogo cha kuumeza umeme unaorushwa nyuma na koili ya rilei ya stata kila kitufe kiachwapo, ambao huziunguza ncha za swichi. Mambo yote mawili yalitokea kwa sababu kazi tatu zilisongamana katika pipa moja la shaba. Mtu aliyesikia kwamba ufunguo ni "salama" alisikia kweli kuhusu mwizi, akaielewa kuwa ni kweli kuhusu rafadha.

Napendekeza basi tuseme "ulinzi" tunapomkusudia mwizi, na "usalama" tunapokikusudia chombo. Si maneno mapya. Ni kuyapa mipaka yale tuliyo nayo.

Majina matatu ninayoyatetea kwa kazi tatu ni "swichi ya cheche", "kitufe cha stata" na "kufuli". La kwanza ni la kile kinachoruhusu au kuzuia cheche, la pili ni la kile kinachozungusha injini, la tatu ni la kile kinachomzuia asiyehusika. Najua kuna watakaonung'unika kwamba "stata" ni neno la kukopa na kwamba tungeweza kuunda "kianzishi" au "kizungushi" kutokana na mizizi yetu wenyewe. Sina ugomvi na kuunda. Nusu ya maisha ya baraza lolote la lugha ni kuunda. Lakini "kianzishi" hakisemi kinaanzisha nini, na injini ya ndege huanza kwa mambo mengi. "Kizungushi" ni bora zaidi, na kama stata isingekuwapo ningekichukua. Neno likishakuwa na kitenzi chake lenyewe katika vinywa vya watu, "kupiga stata", limekwisha kupata uraia, na kuliondoa ni kupoteza kitu ambacho hatutaweza kukirudisha kwa sekula.

Upo ukosoaji mwingine wenye uzito zaidi. Wajenzi wengi wa siku hizi wameacha magineto, moja au zote mbili, na kuweka mifumo ya elektroniki. Baadhi ya mifumo hiyo hutegemea umeme wa ndege, nayo huzimwa kwa kukatiwa umeme, kama taa. Mingine, kama ile ya injini za Rotax 912, huzalisha umeme wake yenyewe kwa koili zilizo nyuma ya injini na huzimwa kwa kuunganishwa na bodi, kama magineto. Je, jina moja litafaa kwa vitu vinavyofanya kazi kwa kinyume? Naona litafaa, na hii ndiyo nguvu yake. "Swichi ya cheche" hulitaja tokeo, halitaji njia. Rubani ataka kujua kama cheche zipo au hazipo. Kama zimeondolewa kwa kukata au kwa kuunganisha, hilo ni la fundi na la mchoro. Kama tungeiita "swichi ya magineto", jina lingekufa pamoja na magineto. Jambo la kuangalia ni moja tu: katika mfumo unaotegemea umeme wa ndege, swichi ya betri nayo yaweza kuziua cheche kulingana na jinsi nyaya zilivyopita, na hapo maelekezo yaseme wazi, yasiuachie kazi hiyo ukuu wa swichi kuu.

Majina haya yakishawekwa, uchaguzi wa mpango huwa mwepesi kuelezwa. Nimeahidi kueleza kwa nini magineto ya kulia huzimwa wakati wa stata. Injini ikiwa katika mwendo, cheche hutolewa kabla pistoni haijafika juu kabisa, mathalani digrii 25 kabla katika injini nyingi za Lycoming O-320. Stata huzungusha injini polepole mno, na cheche ya mapema kiasi hicho huirudisha pistoni nyuma kwa kishindo kinachoweza kuvunja stata. Ndiyo maana katika injini nyingi magineto ya kushoto huwekewa kiungo chenye springi ambacho hushika, kisha huachia kwa ghafla, kikaichelewesha cheche na kuipa nguvu. Magineto ya kulia, ikiwa haina kiungo hicho, yapaswa kunyamaza mpaka injini iwake. Ufunguo hulifanya hilo kwa waya mfupi uliofungwa nyuma yake, na hapo sifa yake twaikiri. Ubaya ni kwamba hulifanya kwa siri: rubani anaweza kurusha ndege miaka mingi pasipo kujua.

Katika mpango wa kutenganisha, mjenzi mwangalifu huchukua swichi ya cheche ya kulia yenye pande mbili, na umeme wa kitufe cha stata akaupitisha katika upande wa pili wa swichi hiyo, hivyo kwamba hupita pale tu swichi iwapo chini, yaani cheche za kulia zikiwa zimezimwa. Rubani huinua swichi ya betri, huinua swichi ya cheche ya kushoto, hubonyeza kitufe cha stata. Injini ikiwaka, huinua swichi ya cheche ya kulia. Kwa kuinua huko amefanya mambo mawili: ameiamsha magineto ya pili, na amekiua kitufe cha stata. Kuanzia hapo goti la abiria likikigonga angani, halitaamsha kitu. Kitufe chenyewe hubeba umeme mdogo tu, wa kuiamsha rilei. Mamia ya ampea ya stata hupita katika rilei kubwa. Kwa kuwa ncha za rilei huweza kushikana na stata ikaendelea kuburutwa hata kitufe kikiachwa, taa ndogo nyekundu huwekwa upande wa stata, iwake kwa muda wote stata iwapo na umeme. Naomba msomaji aone kwamba aya hii yote imeandikwa pasipo neno "swichi ya kuwashia" kutokea hata mara moja, na sidhani kama imempotea.

Mpango huu nao una upungufu wake, tusiufiche. Swichi mbili ni vitu viwili vya kusahau. Ufunguo uliotolewa tunduni angalau ni ishara kwamba mtu alikusudia kuzima. Kijiti kilichobaki juu hakimsuti mtu. Tena waya ukikatika, mpango wowote hausaidii. Kwa ajili hiyo marubani waangalifu wana desturi kabla ya kusimamisha injini: ikiwa katika mwendo wa chini kabisa, huzizima cheche zote kwa nukta moja na kuzirudisha. Injini ikionyesha kufa, nyaya zi nzima. Ikiendelea kunguruma, mna magineto iliyo hai isiyozimika, na haifai mtu kuisogelea rafadha hiyo mpaka fundi aje. Baada ya jaribio hilo hukata mafuta kwa wenzo wake, injini ikamaliza yaliyomo ndani ya silinda, kisha ndipo hushusha swichi. Katika Kiswahili cha gari mambo hayo matatu yote huitwa "kuzima". Yaandikwe kwa ukamilifu: kujaribu kuzima cheche, kukata mafuta, kuzima cheche. Ni maneno mengi zaidi, na wino si ghali.

Limebaki jambo moja ambalo sijaona likijadiliwa, nalo ni la sauti wala si la maandishi. Betri ikiwa dhaifu, ndege ndogo huweza kuwashwa kwa mtu kuivuta rafadha kwa mkono, na baina yake na aliye ndani hupita maneno ya kupigiana kelele. Wasemaji wa Kiingereza wana maneno yao ya zamani kwa kazi hiyo. Sisi tutaitana kwa maneno gani? Wa kwanza kufikiriwa atakuwa "Zima!", lakini uwanjani, upepo ukivuma, "zima" na "nzima" hazitengani, na magineto nzima ni magineto inayofanya kazi. "Hakuna cheche" nalo halifai, maana upepo ukiimeza silabi za mwanzo hubaki "cheche" peke yake, yaani kinyume chake. Wapiga nyaya husema waya "una moto" wakikusudia kwamba una umeme, lakini mtu hapaswi kupiga kelele ya "Moto!" kando ya tangi la petroli. Kwangu mimi naona "Cheche!" kwa hali ya hatari na "Baridi!" kwa hali ya kugusika yangefaa kujaribiwa: hayashirikiani sauti yoyote ya kuyachanganya, na kila moja hubaki lilivyo hata likikatwa nusu. Kama yuko msomaji aliyewahi kufanya kazi hiyo na akasikia jozi iliyo bora zaidi, ailete.